Mishale Kumi na Mmoja ya Idodi

Sokomatola, Mbeya
Jumapili, 6 Aprili 2025

Mjomba Isihaka,

Asalaam aleikum, na shikamoo. Sikukuu imepita lakini mama bado anapika kaimati kila jioni na kuzigawa mtaani, utadhani Ramadhani imeongezewa wiki. Mguu wake umetulia. Mimi najua ni ile dawa uliyotuma, ila yeye anashikilia kwamba ni jua. Anakusalimu sana, na anauliza kama Bi Mwanakhamisi alikipata kitenge alichompa dereva wa basi akilete.

Ningepiga simu, lakini simu yako inalala kwenye kabati la sahani na hutolewa kwa misiba tu. Tena hili ninalokuomba haliingii kwenye simu, ni jambo la karatasi.

Ile mashine yangu ya leza sasa inaingia mwaka wa tatu juu ya meza ya marehemu baba, ileile aliyokatia vitambaa. Mwaka wa kwanza nilichonga kila kitu: hereni, fremu, masanduku ya vito. Halafu siku moja nikafungua shajara yangu nikatazama ni nani waliorudi kuagiza mara ya pili. Hereni zilisifiwa na wengi, lakini waliorudi ni wenye gesti. Wageni wanaondoka na funguo kila wiki, kwa hiyo gesti haikosi haja ya vibao vya funguo, na namba za milango, na "Tafadhali zima taa". Tangu hapo najua ninauza nini. Vipande vya plaiwudi vinavyobaki kwenye kazi kubwa ndivyo ninavyokatia vibao vya funguo, havitupwi.

Sasa ni vile vibao vya kibla, wazo lako mwenyewe. Vile sita ulivyovibandika kwa mkono wako katika gesti ya Bwana Iqbal hapo Iringa mjini vimempendeza. Anataka na vingine kwa vyumba vyake kumi na kimoja vya Idodi, pale madereva na wafanyabiashara wanapolala kabla ya kwenda mbugani. Akiridhika na Idodi, inafuata Rujewa, kisha Makongolosi.

Sitaki goti lako liende Idodi mara mbili. Nenda mara moja upime tu. Vibao nitavipeleka kwa basi hadi kwa fundi wao wa mbao, anaitwa Aroni, naye atavipiga skrubu darini. Hana dira wala haihitaji. Kila kibao ni cha mraba, kimechongwa neno Kibla usoni, na kina pengo dogo kwenye ukingo mmoja. Pengo linaelekezwa ukuta wa mlango, basi. Mshale umekatwa ukatoboka mpaka nyuma, na tayari umelalia upande unaotakiwa. Hapo ndipo biashara yetu ilipo, Mjomba: mtu yeyote mwenye bisibisi anaweza kuweka kibla mahali pake, hata kama hajui kibla ni nini.

Ninachohitaji ni karatasi moja kwa kila chumba, saizi halisi, sentimita ishirini kwa ishirini, ukuta wa mlango ukiwa chini na mshale umechorwa. Usipige picha, picha hupinda pembe. Hayo mengine ya huku niachie mimi.

Nakuamkia tena, na umwamkie Bi Mwanakhamisi.

Mpwa wako,
Saida


Miyomboni, Iringa
Jumanne, 22 Aprili 2025

Mpwa wangu Saida,

Waaleikum salaam, na marahaba. Kitenge kilifika. Mwanakhamisi alisema rangi yake ni ya wasichana, na tangu aseme hivyo amekivaa siku nne kati ya saba. Mwambie dada yangu Hanifa kwamba jua la Mbeya ninalifahamu, haliponyi mguu. Mimi sijambo, isipokuwa goti la kushoto limestaafu kabla ya mwenzake.

Idodi nilikwenda Jumatano iliyopita. Huyo Aroni wako ni kijana wa maneno. Alinikuta nimesimama katikati ya chumba namba moja na dira mkononi, akaniuliza, "Mzee, unatafuta madini?"

"Natafuta kaskazini," nikamwambia.

"Kaskazini iko kule nyuma ya mlima. Tangu nizaliwe haijahama."

"Kwako haijahama. Ila sindano inaweza kuhamishwa na kitanda."

Hakuamini, nikamwonyesha. Nilisogea karibu na nondo za dirisha, sindano ikaenda zake. Akaguna. Chumba namba saba kina vitanda viwili vya chuma, tukavitoa vyote nje, yeye akibeba na mimi nikimwelekeza, na hapo aliguna zaidi. Aliyeijenga nyumba ile hakuwa na kamba, maana ni safu moja ndefu lakini kila chumba kimekengeuka na mwenzake kwa digrii mbili tatu. Kwa hiyo nimepima vyumba vyote, sikukisia hata kimoja. Miaka ishirini na sita nimebeba mnyororo na fito za wapima ardhi, kukisia sikufundishwa.

Unakumbuka kwamba mimi ndiye niliyechora mistari ya safu katika msikiti wetu wa mtaa, mwaka tulioweka vigae. Tangu siku hiyo hakuna aliyeniuliza swali. Ninataka na Idodi iwe hivyo.

Karatasi zimo humu, kumi na moja, kila moja na namba ya chumba. Zilinichukua siku mbili nyumbani kuziandaa. Zikate kama zilivyo.

Ukipata kahawa nzuri ya Mbozi usinisahau.

Mjomba wako,
Isihaka


Sokomatola, Mbeya
Alhamisi, 8 Mei 2025

Mjomba,

Shikamoo. Kahawa imo, kilo moja, imekaangwa juzi. Mama amesikia kuhusu kitenge akacheka mpaka akakaa chini. Hapa mvua zimeanza kuaga na baridi imeanza kuulizia njia.

Vibao vya Idodi vilipanda basi juzi Jumanne. Nilikata kimoja cha majaribio kwanza, kama kawaida yangu. Kila kazi ninaanza na kipande cha majaribio, ninakiandika tarehe na kukitundika kwenye waya ukutani. Ukuta ule sasa unalia kama kengele upepo ukiingia. Karatasi zako zilikuwa safi, zilihitaji kazi ndogo tu upande wangu, nimeimaliza.

Tumpe, dada anayenisaidia kupiga msasa na vanishi, yule wa kwaya, alitazama mishale yote kumi na mmoja imepangwa mezani akaniuliza, "Dada Saida, kwa hiyo nyie mkilala ugenini lazima muulize njia kwanza?"

Nikamwambia ndiyo, lazima tujue upande.

"Sisi kanisani tunamtazama mchungaji. Akihama, tunahama naye."

Nilicheka nikajipaka vanishi kidoleni.

Habari kubwa: Iqbal ameniambia vibao vya Idodi vikishawekwa, niandae vyumba kumi na vinne vya Rujewa. Kwa ajili hiyo nimeongeza mashine ya pili, ya kukata stika. Ni ndogo, inakaa pembeni ya leza. Leza haiachwi peke yake ikifanya kazi kwa sababu ya moto, kwa hiyo mtu akiisimamia leza anaweza papo hapo kukata stika. Saa ileile, kazi mbili. Nilifikiri hilo litakupendeza.

Pumzisha goti. Rujewa ni tambarare, hakuna ngazi.

Saida wako


Miyomboni, Iringa
Jumatano, 11 Juni 2025

Saida,

Marahaba. Idi imepita salama, tulichinja na jirani. Kahawa tumeinywa.

Iqbal alipiga simu ya Mwanakhamisi Jumatatu. Mfanyabiashara mmoja wa dhahabu wa Makongolosi, Nasri, alilala Idodi chumba namba nne. Ana dira kwenye simu yake. Alipotoka chumbani alimwambia mhudumu, "Mwambie bosi wako wageni wake wanaswali wakiwaelekea tembo." Iqbal akatuma mtu aangalie vyumba vyote. Ni vyote kumi na kimoja. Mishale inaonyesha mbugani.

Vibao vilikuwa juu wiki nne. Sasa vimefunikwa kwa magazeti, na Rujewa imesimamishwa. Iqbal hakunipazia sauti. Ningependa angepaza.

Naomba unirudishie karatasi zangu kumi na moja kwa basi la kwanza.

Isihaka


Sokomatola, Mbeya
Jumatano, 25 Juni 2025

Mjomba mpendwa,

Shikamoo, na unisamehe kwa kukawia. Baridi ya mwaka huu ni kali, mama amehamishia maisha yake yote jikoni karibu na jiko la mkaa na anatutawala kutoka pale. Mjukuu wa jirani alizaliwa, wa kiume, wamemwita Ambokile.

Kuhusu Idodi usijisumbue. Nimeangalia upande wangu na nimegundua ni mashine. Wiki ile umeme ulikatika mara tatu nikiwa katikati ya kazi, nadhani ilipoteza mwelekeo. Nimemwandikia Bwana Iqbal hivyohivyo, kwamba kosa ni la karakana yangu, na kwamba nitakata vingine bila malipo. Amenijibu kwa upole, ingawa kuhusu Rujewa hajasema kitu.

Karatasi zipo, zimechanganyika na nyingine. Nitazitafuta nikitulia.

Humo ndani ya kifurushi nimekuwekea dira mpya. Ni zawadi tu. Ile yako nakumbuka tangu nikiwa darasa la pili, na nimesoma kwamba sindano huchoka. Ukipata nafasi, na goti likiruhusu, labda upime Idodi mara nyingine kwa utulivu, wakiwa wametoa vitanda vyote. Si lazima. Nauli nimeiweka kwenye bahasha ndogo.

Mama anakusalimu, hajui lolote.

Saida


Miyomboni, Iringa
Jumamosi, 12 Julai 2025

Mpwa wangu,

Marahaba. Mpe mama wa Ambokile hongera. Hapa nako ni baridi, asubuhi ukungu unashuka mpaka barabarani. Mwanakhamisi ameanza kuuza uji wa ulezi mlangoni na wateja wake wakubwa ni wanafunzi waliochelewa.

Asante kwa dira. Nimeielewa.

Nilikwenda Idodi na dira zote mbili. Aroni alikuwa ameshatoa vitanda kabla sijafika, bila kuambiwa. Nikaziweka dira sakafuni pamoja, ya zamani na mpya, umbali wa hatua moja. Zinasema kitu kimoja. Nimepima vyumba vyote upya. Vipimo ni vilevile vya Aprili, hakuna kilichosogea hata digrii moja.

Kisha nikamwomba Aroni aondoe magazeti, nikapima mishale darini. Kila mshale umelalia kushoto kwa digrii zilezile ulizopaswa kulalia kulia. Chumba kwa chumba. Kwa hiyo mashine yako usiisingizie. Mashine iliyopoteza mwelekeo haipotezi kwa kiasi kilekile mara kumi na moja.

Nafikiri najua kosa ni la nani. Ndiyo maana niliomba karatasi, nilitaka kuona kwa macho yangu kama nilifanya nilichodhani nimekifanya. Kama umeshazitupa, si neno. Rujewa mtafutieni mpimaji mwingine, wapo vijana wenye vifaa vya kisasa.

Nauli imo humu, nimeirudisha. Sikuihitaji.

Isihaka

*(Chini ya barua, kwa mwandiko mwingine.)*

Saida mwanangu, mimi Mwanakhamisi. Amenipa bahasha niifunge nami nimeichelewesha kidogo. Mjomba wako hakuambii, mimi nakuambia. Habari ya Idodi imefika hapa mtaani, Nasri ana marafiki. Ijumaa mbili zilizopita mtu mmoja aliuliza msikitini kama mistari ya safu nayo ichunguzwe, kwa kuwa aliyeichora ni yuleyule. Hakuuliza kwa ubaya. Lakini mjomba wako tangu siku hiyo anaswali safu ya nyuma karibu na viatu, na akirudi nyumbani hali chakula vizuri. Ameipima ile mistari mara tatu, iko sawa, na bado hakai mbele.

Anadhani akili yake imeanza kumwacha. Ananiuliza, "Mwanakhamisi, uliniona nikizigeuza?" Mimi nilimwona. Alikuwa hapo dirishani siku mbili, mchana, amebandika karatasi kwenye kioo, anazichora upya upande wa nyuma. Nilimuuliza kazi gani hiyo. Akasema, "Nimechora sakafuni, karatasi inatazama juu. Kibao kitakaa darini, kitatazama chini. Kulia kutakuwa kushoto. Saida ana kazi nyingi, atasahau kugeuza, na nikimkumbusha ataona namfundisha kazi yake." Nimemwambia hivi mara kumi. Anasema labda aligeuza mara mbili bila kujua. Mwanangu, zitafute hizo karatasi.


Sokomatola, Mbeya
Jumanne, 15 Julai 2025

Mjomba wangu,

Shikamoo. Leo sina habari za nyumbani, zitasubiri.

Karatasi zako zimo humu, kumi na moja. Hazikuwa zimechanganyika na kitu chochote. Zilikuwa kwenye droo ya meza ya baba tangu siku zilipofika, na nilikuwa najua. Zishike moja moja kwenye kioo cha dirisha. Utaona upande wa nyuma mstari wa kwanza uliochora kule Idodi, mwembamba, na upande wa mbele ule uliougeuza. Umegeuza zote, Mjomba, mara moja kila moja, kama ulivyodhani. Hukusahau hata moja.

Mimi ndiye niliyegeuza mara ya pili.

Nakunakilia shajara yangu, neno kwa neno, ili usidhani natunga kukufurahisha kama nilivyotunga habari za umeme.

*Ijumaa, 2 Mei 2025. Karatasi za Idodi zimefika kutoka kwa Mjomba. Safi sana. Anasema nizikate kama zilivyo. Amesahau kwamba dari inatazama chini. Nimezipitisha kwenye kompyuta na kugeuza zote 11, kulia kwenda kushoto. Sitamwambia, asije akajisikia vibaya.*

Uliniambia, "Zikate kama zilivyo." Nilisoma sentensi hiyo nikaiona kama namna ya kumalizia barua tu.

Barua yako ya Juni ilipofika nilifungua shajara, nikaona nimegeuza, nikasema basi mimi niko salama. Kwa hiyo lazima ni vitanda vya chuma, au ni dira. Halafu niliandika neno jingine. Liko tarehe 14 Juni. Niliandika: *au ni umri*. Siwezi kulifuta kwa sababu ninaandika kwa kalamu ya wino, na ningetaka kulifuta kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika. Ndiyo maana sikurudisha karatasi. Nilidhani nakuficha usilione kosa lako. Nikajibebesha kosa mbele ya Iqbal nikajiona mwema, nikakutumia dira.

Sikujua kwamba kulikuwa na mtu anaswali karibu na viatu.

Nilipomsomea Tumpe barua ya Bi Mwanakhamisi, aliacha msasa akanitazama. "Yaani mzee aligeuza ili akusaidie, na wewe ukageuza ili umsaidie?"

"Ndiyo."

"Na hakuna aliyemwambia mwenzake."

"Ndiyo, Tumpe."

"Sasa hiyo heshima au ugomvi?"

Nikafungua droo nikazitoa karatasi.

Leo asubuhi nimempigia Iqbal na baadaye nimemwandikia, ili awe na karatasi mkononi. Nimemwambia kwamba vipimo vya Mzee Isihaka ni sahihi tangu siku ya kwanza, kwamba amri ya kugeuza niliitoa mimi na nilimdanganya kuhusu umeme. Akasema, "Bora umesema. Mashine ningeiogopa kila siku. Mtu anaweza kuacha kosa lake." Rujewa hajaifuta. Anasema atamsikiliza Mzee.

Humu pia kuna karatasi moja ambayo si ya kwako tu. Nimeandika yote haya kwa ufupi, na sahihi yangu. Ikisomwa msikitini, isomwe. Isiposomwa, ni juu yako. Na wale walioswali Idodi wiki nne zile, Mjomba, nawawaza kila siku. Niulizie kwa sheikh.

Nitakata vibao vipya kumi na moja wiki hii, kama karatasi zilivyo. Nakusubiri uniambie nivitume lini.

Naomba radhi yako.

Saida


Miyomboni, Iringa
Jumapili, 3 Agosti 2025

Mpwa wangu Saida,

Waaleikum salaam, na marahaba, na radhi unayo. Sasa nipe habari za nyumbani ulizozibana. Mguu wa dada yangu ukoje, na baridi imelegea? Hapa ukungu umeanza kuchelewa kuamka. Mwanakhamisi amepata mpinzani wa uji upande wa pili wa barabara, na tangu hapo uji wake umeongezwa karanga.

Karatasi nilizishika dirishani moja moja. Nilipofika ya kumi na moja nilikaa chini. Si kwa sababu ya goti.

Nimelifikiria kosa letu kwa siku kadhaa. Lako ni kugeuza bila kuniambia, langu ni kugeuza bila kukuambia. Nimeyapima, yana urefu mmoja. Hilo la umri usilifute. Nina miaka sabini na mmoja, ni kipimo sahihi, ila hukukiweka mahali pake.

Vibao vipya usikate. Kama umeshakata, vikatie vibao vya funguo. Nilikwenda Idodi Jumanne. Njiani nikawa nafikiria: mshale umetoboka, kwa hiyo una pande mbili. Nikamwambia Aroni afungue kibao cha chumba namba moja, asiondoe pengo upande wa mlango, akigeuze tu, uso uangalie dari na mgongo utuangalie sisi. Akakigeuza, akakishikilia darini kwa kiganja. Nikaweka dira sakafuni, nikatazama juu, nikatazama chini. Kibla.

Aroni akasema, "Mzee, kumbe wakati wote kilikuwa humohumo?"

"Kilikuwa humohumo. Kimewekwa kifudifudi."

"Na maandishi? Neno Kibla sasa linasomwa na mijusi."

Hapo alikuwa na haki. Maandishi yote yamebaki upande wa dari, na mgongo hauna vanishi. Lakini wewe una mashine ya stika. Kata maneno kumi na moja ya rangi ya kijani, urefu wa sentimita nane, uyatume kwa Aroni. Vanishi ameshapaka mwenyewe, alikuwa na kopo. Tulimaliza vyumba vyote kabla ya saa tisa, na chumba namba saba alitoa vitanda peke yake, akiimba.

Nilimuuliza sheikh kuhusu wale walioswali. Alisema waliuliza wakaonyeshwa wakaamini, na Mwenyezi Mungu anajua nia zao kuliko sisi. Kisha akanitazama akasema lakini wanaolipwa kujua wana hesabu yao. Ninakuandikia yote mawili, usichukue moja. Iqbal amebandika tangazo mapokezi Idodi, limeeleza lilivyokuwa na tangu lini. Niliomba jina langu liwemo kama mpimaji. Lako pia limo.

Karatasi yako yenye sahihi sikuisomesha msikitini. Sikutaka mpwa wangu asimame mbele ya watu asiowajua. Lakini niliiacha juu ya kabati la sahani, na Mwanakhamisi akawasomea wanawake wa darsa Jumatano. Kufikia Alhamisi jioni mtaa mzima ulikuwa unaijua kuliko mimi. Yule aliyeuliza habari za mistari alikuja mlangoni akanywa uji vikombe viwili, akalipa vitatu. Ijumaa nilipoingia, katika safu ya mbele kulikuwa na nafasi ya mtu mmoja, mahali pangu. Sijui waliiachaje, watu walikuwa wamejaa. Nilikaa.

Karatasi za Rujewa zimo humu, kumi na nne. Iqbal alinipeleka kwa gari lake, na kweli hakuna ngazi, ila kuna mbu wa majaruba ya mpunga. Juu ya kila karatasi nimeandika kwa wino mwekundu: NIMESHAGEUZA. Wewe ukimaliza kukata, andika chini yake: SIJAGEUZA, utie sahihi na tarehe, unirudishie zote kumi na nne. Najua ni kazi ya ziada. Ifanye.

Dira yangu ya zamani imerudi mfukoni. Ile mpya ni nzuri, sindano yake inatulia haraka, nimempa Aroni. Alikwenda nayo nje akasimama uani kwa muda, akarudi akaniambia nikuandikie kwamba ameangalia, na kaskazini bado haijahama.

Mjomba wako,
Isihaka